Kutoka Mabwerebwere Hadi Baharini: Namna ya Kuchagua Ufukwe Safi wa Kuogelea

Mpunga ukishaingia ghalani na Nane Nane ikakaribia, swali ni lilelile kutoka Mabwerebwere, Kilosa mjini, Kimamba na Mikumi: nataka kuwapeleka watoto baharini, nipe ufukwe safi wenye mchanga, uliothibitishwa kuwa ni salama kuogelea. Wanaouliza ni wazazi, walimu wanaopanga safari za shule, viongozi wa kwaya, na akina mama wa vikoba waliokwisha kuchanga fedha na wamebakiza kuchagua mahali.

Swali ni zuri na linastahili jibu la kina, kwa sababu sisi wa bara tunaijua mito kuliko bahari. Mtu aliyekulia kando ya Mkondoa anajua wakati gani mto unavukika. Akifika ufukwe wa Coco, Dar es Salaam, hajui maji yanayomgusa vifundo vya miguu saa 4 asubuhi yatakuwa wapi saa 10 jioni. Watu hufa kwa kutojua hilo.

Kwanza: "umethibitishwa" na nani?

Alama inayojulikana zaidi duniani kwa fukwe za kuogelea ni Bendera ya Buluu. Ilianza Ufaransa mwaka 1985, ikaenea Ulaya mwaka 1987, na mwaka 2001 Afrika Kusini ikawa nchi ya kwanza nje ya Ulaya kuipandisha. Ili ufukwe uipate, lazima maji yapimwe vijidudu vya kinyesi katika msimu mzima wa kuogelea, na zisipite siku 31 kati ya kipimo kimoja na kingine. Lazima pia kuwe na waokoaji au vifaa vya uokoaji, vyoo, mapipa ya taka na huduma ya kwanza, pamoja na ubao unaoonyesha majibu ya vipimo hivyo. Bendera hutolewa kwa msimu mmoja tu. Msimu ukiisha, ufukwe unaomba upya.

Bendera hiyo usitarajie kuikuta Coco, Kigamboni wala Bagamoyo. Kwa hiyo mtu akikuambia "ufukwe wetu umethibitishwa", muulize mambo haya kwa adabu lakini bila haya:

- Nani ameuthibitisha, na mwaka gani?
- Majibu ya vipimo vya maji yamebandikwa wapi?
- Mwokoaji yuko zamu saa ngapi hadi saa ngapi?

Usikubali kupewa jibu la kitu kingine. Nyota za hoteli zinahusu vyumba na huduma. Cheti cha afisa afya kilichotundikwa mapokezi kinahusu jiko na wapishi. Hata tuzo za mazingira zinazotolewa kwa hoteli kwa kawaida zinahusu mambo kama matumizi ya maji na umeme ndani ya majengo. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachokueleza kama mtoto wako anaweza kumeza funda moja la maji ya pale bila kuharisha.

Basi kazi ya kuthibitisha inabaki kwako. Inawezekana, na haihitaji maabara.

Chagua eneo kabla ya kuchagua siku

*Mbudya na Bongoyo.* Kwa familia inayotaka mchanga mweupe na maji maangavu bila kuvuka kwenda Unguja, hapa ndipo ninapowaelekeza watu kwanza. Ni visiwa vya Dar es Salaam visivyo na makazi, na pamoja na Pangavini na Fungu Yasini vilitangazwa kuwa maeneo tengefu mwaka 1975. Vinasimamiwa na Kitengo cha Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu, na unalipa kiingilio. Hakuna mtaro wa jiji unaomwaga kisiwani. Boti za Mbudya huondokea Kunduchi, na za Bongoyo huondokea Msasani. Beba kitambulisho, maana kiingilio cha Mtanzania ni tofauti na cha mgeni wa nje.

*Kigamboni.* Upande wa bahari kuu una mchanga mrefu, na sehemu nyingi unaingia kwa kulipa kwenye hoteli au kambi iliyopo ufukweni. Faida yake ni vyoo, kivuli na maji ya kujisuuza. Tahadhari yake ni mawimbi, hasa kusi inapovuma katikati ya mwaka.

*Coco.* Ni bure, ni rahisi kufika, na mihogo ya kukaanga ni ya kwelikweli. Kwa kupunga upepo ni pazuri sana. Kwa kuogelea na watoto wadogo siku ya sikukuu, hapana. Kuna miamba ya matumbawe chini ya maji na watu ni wengi mno. Mtoto anapotea ukiwa unamtazama.

*Bagamoyo.* Nenda kwa historia: Kaole, Mji Mkongwe, Caravan Serai. Bahari yake ni ya kina kifupi, na maji yakipwa unabaki na tope na mchanga mtupu kwa umbali mrefu.

*Saadani.* Hapa wengi wetu hatujui kwamba bahari ile inatuhusu. Maji ya Mkondoa yanayopita Kilosa huingia mto Wami, na Wami humwaga baharini ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Saadani. Udongo wa milima yetu ndio unaoifanya bahari ya pale kuwa ya kahawia wakati wa mvua, na chupa iliyotupwa Kilosa ina njia ya kufika huko. Saadani ni nzuri kwa kuona wanyama wakikaribia bahari. Usiogelee karibu na mdomo wa Wami: kuna mamba na viboko.

*Unguja.* Ukiwa na nafasi ya siku kadhaa, Nungwi na Kendwa zina sifa moja kubwa: unaweza kuogelea hata maji yakiwa yamepwa. Paje na Jambiani ni nzuri kwa macho, ila maji yakipwa huenda mbali sana na kukuachia uwanda wa mwani na mawe.

Siku: angalia mvua, kisha angalia mwezi

Hapa ndipo makosa mengi hufanyika, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mvua kwanza. Jiji kubwa likinyeshewa, kila kilichokuwa mitaroni, vyooni na vichochoroni hufika baharini. Mto Msimbazi peke yake hukusanya uchafu wa sehemu kubwa ya Dar es Salaam na kuumwaga upande wa Upanga na Selander. Ikinyesha mvua kubwa, subiri angalau siku tatu za jua kabla ya kuogelea kwenye fukwe za jiji. Ndiyo maana masika, kuanzia Machi hadi Mei, si msimu wa safari hii. Januari na Februari ni nzuri ingawa jua ni kali. Agosti hadi mwanzoni mwa Oktoba ni nzuri pia, na inawaangukia wakulima wetu wakiwa na fedha mkononi.

Sasa mwezi. Bahari ya kwetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, kwa takriban saa sita sita, na kila siku hujaa karibu dakika 50 baadaye kuliko jana. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, kuna bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, na tofauti yake katika pwani ya Dar es Salaam hupita mita tatu. Siku za katikati huitwa maji mafu: yanapanda kidogo na kushuka kidogo.

Huna haja ya simu ya kisasa kujua hilo. Tazama kalenda ya ukutani yenye tarehe za Kiislamu.

- Tarehe 1 hadi 3 na 15 hadi 17 za mwezi wa Kiislamu ni bamvua. Maji huwa yamepwa kabisa asubuhi, kama saa 4 au saa 5, na hujaa jioni kama saa 10 au saa 11. Mkondo una nguvu.
- Tarehe 8 hadi 10 na 22 hadi 24 ni maji mafu. Maji hujaa taratibu kufikia saa 4 au saa 5 asubuhi, na mkondo ni mpole.

Kwa watu wa bara wasiojua kuogelea, panga safari yako iangukie maji mafu. Watoto wataingia majini asubuhi kabla jua halijawa kali, kina hakitabadilika ghafla, na hamtatembea kwenye miamba iliyofichuka. Ukishindwa na ratiba ya shule au ya kazi, basi ukifika muulize mvuvi yeyote: "Maji yanajaa saa ngapi leo?" Atakujibu bila kutazama saa.

Safari yenyewe

Kutoka Mabwerebwere, fika Kilosa mjini mapema ukachukue treni ya SGR kwenda Dar es Salaam. Treni hizo zilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro tarehe 14 Juni 2024, na kufika Dodoma tarehe 25 Julai mwaka huohuo. Kata tiketi kabla ya siku ya safari, uwe na kitambulisho, na uhakikishe treni unayokatia inasimama Kilosa, kwa sababu za haraka hupita vituo vidogo bila kusimama.

Kutoka Mikumi, mabasi ya Iringa na Mbeya yatakushusha Kituo cha Magufuli, Mbezi Luis. Panda ya asubuhi. Kuna kilomita 50 za barabara zinazokatiza Hifadhi ya Mikumi, na usiku si wakati wa kuzipita.

Aliyeshukia Mbezi na anayekwenda Kigamboni apande mwendokasi kutoka Kimara hadi Kivukoni. Kivuko kiko hapohapo.

Usijaribu kwenda na kurudi siku moja. Nimewaona watu wakifika ufukweni saa 8 mchana, wamechoka, wana njaa, na wanaingia majini haraka haraka ili fedha yao isipotee. Mtu aliyechoka hafanyi uamuzi mzuri baharini. Lala kwa ndugu Dar es Salaam au kwenye nyumba ya wageni, kisha nenda asubuhi.

Ukaguzi wa robo saa kabla ya kuvua viatu

Mmefika. Watoto wanapiga kelele. Waache na mtu mzima kivulini, wewe uende ukakague.

1. *Tembea hatua 200 kulia na hatua 200 kushoto.* Unatafuta bomba, mtaro au kijito kinachoingia baharini. Ukikuta maji ya kijivu yanapita mchangani, na pembeni yake utelezi wa kijani, hapo si pa kuogelea, hata kama mita 50 mbele pana watu wanacheza.
2. *Tazama mstari wa maji.* Juu kidogo ya mchanga mbichi bahari huacha mstari wa mwani mkavu. Inama uuchambue kwa kijiti. Mwani, maganda ya kome na vijiti ni vitu vya bahari yenyewe. Vijiti vya pamba za masikio, nepi, vipande vya pedi na vifuniko vya chupa vimetoka vyooni na mitaroni.
3. *Nusa.* Mwani unaooza una harufu kali ya bahari. Harufu ya choo hutaikosea.
4. *Ingia mpaka magotini.* Ukiona vidole vya miguu yako, maji ni maangavu vya kutosha. Maji maangavu si lazima yawe safi, ila yasiyoonyesha kitu yanaficha mawe, chupa na mashimo.
5. *Kagua mchanga wa chini* kwa miguu iliyovaa kandambili za kufunga nyuma. Tafuta miamba na wale viumbe weusi wa mviringo wenye miiba mirefu. Mwiba wake hukatikia ndani ya nyama.
6. *Kagua choo kabla hujalipa.* Kama choo hakina maji, kinyesi cha watu wote waliopo kiko mahali fulani.
7. *Uliza alipo mwokoaji.* Ukiambiwa "sisi wote hapa ni waokoaji", hesabu kwamba hayupo.

Ufukwe ukishindwa kwenye namba 1, 2 au 6, usiogelee hapo. Najua inauma, mmetoka mbali na fedha zimekwenda. Kaeni mchangani, mle, mpige picha, mwende kuogelea kesho mahali pengine.

Majini

Kanuni ya asiyejua kuogelea ni moja: maji yasipite kitovu. Kwa mtoto, mtu mzima awe karibu kiasi cha kumgusa kwa mkono ulionyooshwa. Kukaa mchangani na simu huku unamtazama mtoto si ulinzi. Anayezama hapigi kelele wala hapungi mikono. Kichwa hurudi nyuma, mdomo unakuwa usawa wa maji, na ndani ya dakika moja ametoweka.

Makosa ninayoyaona mara kwa mara:

- Tyubu za magari. Zinakodishwa, watoto wanazipenda. Upepo ukivuma kutoka nchi kavu, tyubu inakwenda nje na mtoto juu yake, naye anapojaribu kushuka kina ni cha mita tatu. Ukikodisha, ifunge kamba na kamba ushike wewe.
- Kuingia na jinzi au khanga. Nguo hiyo ikilowa inavuta chini, na khanga hujiviringisha miguuni. Kaptula na fulana nyepesi zinatosha; leso nzito ibaki mchangani. Wanaotaka kujistiri wavae suruali nyepesi ya kubana kidogo na fulana ya mikono mirefu.
- Pombe kabla ya maji. Hakuna cha kuongeza hapa.
- Kushindana na mkondo. Ukivutwa nje, usiogelee kurudi moja kwa moja. Elea, kisha sogea sambamba na ufukwe mpaka mkondo ukuachie, ndipo urudi.
- Boti bila jaketi la kujiokolea. Kwenda Mbudya au Bongoyo, kila mtu avae jaketi linalomtosha kabla boti haijaondoka, mtoto naye apate la mtoto. Nahodha akisema ni mwendo mfupi tu, shuka.

Bebeni dumu tupu la lita 10 lenye kifuniko kinachobana, na kamba ya mita 15 imefungwa kwenye mpini wake. Mtu akizidiwa, mrushieni dumu alikumbatie, kisha mumvute. Asiyejua kuogelea asimfuate majini. Hivyo ndivyo familia moja hupoteza watu wawili. Aliyetolewa majini asigeuzwe kichwa chini wala kukandwa tumbo. Kama hapumui, mlaze chali, mpulizie pumzi mdomoni, mbonyeze katikati ya kifua mara 30 kwa kasi, pumzi mbili, endelea hivyo huku mwingine akipiga 114 ya Zimamoto na Uokoaji.

Kwa walimu na viongozi wa vikundi

Mna watoto wa watu wengine, kwa hiyo nawaomba muwe wakali kuliko mzazi. Wapangeni wawili wawili kabla ya kushuka kwenye gari: kila mmoja anajua mwenzake ni nani, na filimbi ikilia wanashikana mikono na kuhesabiwa. Filimbi ilie kila robo saa. Waingie majini kwa zamu, kundi dogo dogo, mtu mzima mmoja kwa watoto wasiozidi wanne, naye asimame upande wa bahari akiwatazama, si nyuma yao. Wenye kifafa au pumu wajulikane kwa majina kabla ya safari. Mkikosa watu wazima wa kutosha, wachezesheni mpira mchangani, na hiyo ni safari nzuri bado.

Maswali yanayobaki

*"Chumvi si inaua vijidudu?"* Haiui kwa haraka unayodhani. Vijidudu vya kinyesi huishi baharini kwa saa nyingi, vingine kwa siku. Kinachotusaidia ni jua na maji mengi yanayobadilika, ndiyo maana ufukwe wa wazi huwa bora kuliko hori lililotuama.

*"Na kichocho?"* Konokono wanaokisambaza huishi maji baridi. Baharini hakuna. Lakini kile kijito kizuri kinachoingia baharini, ambacho watoto hupenda kuchezea kwa sababu hakina mawimbi, kinaweza kuwa na kila kitu. Wazuieni.

*"Hoteli inaweza kunizuia kupita mchangani?"* Inaweza kukutoza kwa kupita kwenye uwanja wake, kutumia vyoo na viti vyake. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imeweka mita 60 kutoka baharini kuwa eneo la kulindwa lisiloruhusiwa kufanyiwa shughuli za kudumu au za kuliharibu. Tafuta njia ya umma, wenyeji wanaijua.

*"Tubebe chakula?"* Bebeni, katika vyombo vya kurudi navyo. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Tanzania Bara tangu tarehe 1 Juni 2019. Maji ya kunywa yawe mengi kuliko mnavyofikiri, na watoto wakae kivulini kati ya saa 6 na saa 9 mchana.

Mkisharudi

Jisuuzeni kwa maji baridi siku hiyohiyo, na kausheni masikio ya watoto kwa kitambaa laini bila kuingiza kijiti. Kwa siku tatu nne zinazofuata, angalieni kuharisha, homa, masikio yanayouma au kidonda kilichovimba na kuwa chekundu. Mkienda zahanati, mwambieni mganga kwamba mtoto aliogelea baharini, wapi na lini. Na kama watoto kadhaa wa safari moja wameugua, mpigieni simu aliyewapokea ufukweni mumwambie, ili wa kesho wasiingizwe kwenye maji yaleyale.